Santos-Dumont, rubani aliyeifanya saa ya heshima kuwa saa ya kila siku

Paris, tarehe 19 Oktoba 1901. Ilikuwa saa nane na dakika 42 mchana. Mwanaume mfupi na mwembamba, aliyevaa kostimu, kravati na kofia, aliondoka Saint-Cloud akiwa amesimama ndani ya kikapu kidogo. Kikapu hicho kilining'inia chini ya puto refu lenye injini. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kuruka mpaka mnara wa Eiffel, kuuzunguka, kisha kurudi pale alipoanzia kabla ya dakika 30 kwisha. Tuzo ya franga 100 000 ilikuwa inamngojea.

Alipokuwa anarudi, injini ilianza kukohoa. Aliacha usukani, akainama kuishughulikia, kisha akashika tena kamba na usukani. Alipopita juu ya vichwa vya watu kwenye mstari wa mwisho, ilibidi awaulize wale waliokuwa chini kama ameshinda. Maelfu ya watu walijua saa ngapi. Yeye mwenyewe, ambaye kila dakika ilikuwa yake, hakujua.

Jina lake ni Alberto Santos-Dumont, raia wa Brazil. Wengi wanamkumbuka kama mmoja wa wanaume wa kwanza kuruka na ndege. Wachache wanakumbuka kwamba saa ndogo ya mkanda wa ngozi, ile ambayo leo watu wengi wanaivaa siku ya ndoa au siku ya kupokea diploma kisha wanaifungia kabatini, ilipata nafasi yake kwenye mkono wa mwanaume kwa sababu ya kazi aliyoifanya yeye.

Mtoto wa shamba la kahawa

Alberto alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 katika jimbo la Minas Gerais, kwenye eneo lililoitwa Palmira. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa injinia mwenye asili ya Ufaransa. Baadaye familia ilihamia jimbo la São Paulo, karibu na Ribeirão Preto, ambako Henrique alifungua shamba kubwa sana la kahawa mpaka watu wakamwita mfalme wa kahawa. Shamba lilikuwa na reli yake lenyewe, na mashini za kuosha, kukausha na kukoboa kahawa.

Utajiri wa kahawa wa Brazil wakati ule ulisimama juu ya mikono ya watumwa. Wengi wao walikuwa Waafrika au wajukuu wa Waafrika, na sehemu kubwa walitolewa pwani za Kongo na Angola. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka wa 1888, wakati Alberto alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Isabel, binti wa mfalme. Jina la mama huyo litarudi katika maisha ya Alberto kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuitazamia.

Kijana huyo hakupenda farasi wala uwindaji kama ndugu zake. Alipenda mashini. Akiwa bado mtoto, aliruhusiwa kuendesha treni za shamba. Alisoma vitabu vya Jules Verne na kuamini kwamba vyombo vya kuruka vilivyoelezwa humo vilikuwepo kweli mahali fulani duniani.

Baba yake alianguka kutoka kwenye gari la farasi, akapooza upande mmoja wa mwili. Familia ilikwenda Ulaya kumtafutia matibabu. Mwaka wa 1892 Henrique alimpa mwanawe uhuru wa mtu mzima pamoja na sehemu yake ya mali, akamshauri aende Paris kusoma fizikia, kemia, umeme na mambo ya mashini. Mwaka huohuo Henrique alifariki. Alberto, akiwa na miaka 19, alibaki na pesa nyingi na hamu moja tu, kuruka.

Mwanaume wa Paris

Mjini Paris, Santos-Dumont hakukawia kujulikana. Mwaka wa 1898 alirusha puto lake dogo lililoitwa Brésil, na mwaka huohuo akaanza kutengeneza maputo marefu yenye injini ya esanse. Wengine walimwambia kwamba kuweka injini yenye cheche chini ya puto lililojaa gesi ya hidrojeni ni kujitafutia kifo. Yeye alipima, akahesabu, akaruka. Aliyapa maputo yake namba: la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea.

Alikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu na kidogo, na uzito wa karibu kilo 50. Labda kwa sababu ya umbo hilo, alijali sana mavazi yake. Alivaa kola ndefu iliyosimama, kostimu nyeusi yenye mistari, na kofia ambayo ukingo wake ulikuwa umelegea. Hata ndani ya atelie, kati ya mafuta na vyuma, hakuonekana akiwa amevaa hovyo. Vijana wa Paris walianza kumwiga, wakitafuta kola kama yake na kofia kama yake. Nyumbani kwake alikuwa na meza na viti virefu sana, na rafiki zake walikula chakula wakiwa juu, ili wazoee hali ya kukaa hewani.

Mwanaume wa namna hiyo alikuwa na saa nzuri, kama matajiri wote wa wakati ule. Lakini saa ya mwanaume ilikaa mfukoni. Ilikuwa ya mviringo, nzito, imefungwa kwa mnyororo kwenye kizibao. Ili kujua saa, mtu aliingiza vidole mfukoni, akaivuta, mara nyingine akafungua kifuniko, akatazama, kisha akairudisha. Ilikuwa desturi ya heshima, iliyofaa watu waliokaa ofisini au kwenye restora.

Saa za mkononi zilikuwepo tayari, lakini zilihesabiwa kuwa bangili za wanawake. Kulikuwa na askari waliofunga saa zao za mfukoni kwenye mkono kwa mkanda wakiwa vitani, lakini waliporudi mjini walizirudisha mfukoni. Mwanaume aliyeonekana na saa ya mkononi barabarani aliweza kuchekwa.

Medali kwenye mkono

Mwaka wa 1900 tajiri wa mafuta Henri Deutsch de la Meurthe alitangaza tuzo ya safari ya Saint-Cloud, mnara wa Eiffel na kurudi. Umbali wote ulikuwa karibu kilomita 11. Shida haikuwa umbali, ilikuwa zile dakika 30.

Mwezi wa Julai 1901 Santos-Dumont alijaribu kwa puto namba tano. Alifika kwenye mnara, lakini upepo ulimchelewesha, injini ikazima, na puto likaangukia juu ya mti katika bustani ya familia ya Rothschild. Jirani wa bustani hiyo alikuwa Isabel, yule binti wa mfalme aliyetia sahihi sheria ya kufuta utumwa. Alikuwa anaishi uhamishoni Ufaransa tangu ufalme wa Brazil ulipoangushwa mwaka wa 1889. Alimtumia Mbrazil mwenzake chakula pale pale juu ya mti, ambako alikuwa anahangaika kulitoa puto lake.

Siku chache baadaye Isabel alimtumia medali ya Mtakatifu Benedikto ili imlinde na ajali. Santos-Dumont aliifunga mkononi kwa mnyororo mwembamba wa dhahabu, akaivaa tangu hapo. Hivyo, kabla hata ya kupata saa ya mkononi, tayari alikuwa mwanaume asiyeona haya kuvaa kitu mkononi, mradi kina maana kwake.

Alihitaji ulinzi huo. Tarehe 8 Agosti 1901 puto lilianza kupoteza gesi karibu na mnara, likagonga paa la oteli moja eneo la Trocadéro na kupasuka. Santos-Dumont alibaki ananing'inia ukutani ndani ya kikapu chake, mpaka wazima moto wa Paris walipomvuta kwa kamba. Jioni ileile aliagiza puto lingine, namba sita.

Ndilo lililomfikisha kwenye siku ya tarehe 19 Oktoba. Alipita juu ya mstari wa mwisho kabla ya dakika 30 kutimia. Lakini kamba ya puto lake ilishikwa na watu wa chini sekunde kama 40 baada ya dakika 30 kupita. Je, safari inakwisha pale unapovuka mstari au pale kamba inaposhikwa? Wakubwa wa Aéro-Club walibishana kwa siku nyingi. Watu wa Paris walikuwa upande wake. Mwanzoni mwa Novemba, kamati ilipiga kura na kumpa ushindi.

Pesa hizo hakuziweka mfukoni. Sehemu kubwa aliitoa kwa maskini wa Paris, na fundi wengi waliokuwa wameweka vyombo vyao vya kazi rehani waliweza kuvikomboa. Sehemu iliyobaki aliwapa wafanyakazi wake.

Rafiki mwenye duka la vito

Kati ya watu waliokutana na Santos-Dumont katika karamu za Paris alikuwemo Louis Cartier, mjukuu wa mwanzilishi wa nyumba ya vito iliyofunguliwa mwaka wa 1847. Louis alikuwa mdogo kwa Alberto kwa miaka miwili hivi. Inasimuliwa kwamba katika mazungumzo yao rubani alieleza shida yake: akiwa hewani, mikono yote miwili ina kazi, na saa iliyo mfukoni haimsaidii kitu. Kuitoa ni kuachia usukani. Kuiacha ni kuruka bila kujua muda uliopita wala esanse iliyobaki.

Jibu la Louis Cartier, kwa maelezo ya kampuni yake, lilikuja mwaka wa 1904. Hakuchukua saa ya mfukoni na kuisokotea mkanda, kama askari walivyofanya. Alichora saa mpya, iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya mkono. Ilikuwa ya mraba, yenye pembe zilizolainishwa, katika dunia ambapo karibu saa zote zilikuwa duara. Uso wake ulikuwa mweupe, na namba za Kirumi nyeusi zilizosomeka kwa kutupa jicho mara moja. Mkanda ulikuwa wa ngozi, na ulishikwa vizuri na pembe za saa yenyewe.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuwa skrubu. Kwa kawaida sonara huficha skrubu, kwa sababu anataka kazi yake ionekane kama imetoka mkononi mwa Mungu. Kwenye saa hii skrubu ziliachwa wazi, zikizunguka kioo, kama zile za mashini. Saa ilikuwa ya sonara lakini ilizungumza lugha ya atelie.

Hapo ndipo saa hii ilipotofautiana na vito vingine. Haikuwa ya kuonyesha kwenye karamu peke yake, wala haikuwa chombo cha kazi kisicho na sura. Ilikuwa nyembamba, ikaingia chini ya mkono wa shati bila kusumbua. Ilikuwa nyepesi, mtu akaisahau mpaka alipoihitaji. Kila siku mwenyewe aliikaza resori kwa vidole, na kazi hiyo ndogo ilimkumbusha kwamba saa ni kitu cha kutunzwa. Mkanda ukichakaa kwa jasho, unabadilishwa na saa inabaki. Kitu kilichotengenezwa vizuri namna hiyo hakiharibiwi na matumizi ya kila siku. Kinaharibiwa zaidi na kufungiwa, kwa sababu mafuta ya ndani ya saa hukauka hata saa ikiwa imelala kabatini.

Santos-Dumont hakuhitaji kuambiwa hayo. Alikuwa mtu asiyetofautisha nguo ya kazi na nguo ya heshima. Mwaka wa 1903, kwa puto lake dogo namba tisa, alikuwa anatua karibu na nyumba yake kwenye barabara ya Champs-Élysées, analifunga, anapanda kunywa kahawa, kisha anashuka na kuondoka tena. Kwake kuruka ilikuwa jambo la kila siku, na saa ya mkononi pia ikawa hivyo.

Sekunde 21 za Bagatelle

Baada ya maputo aligeukia ndege nzito kuliko hewa. Mwaka wa 1906 alitengeneza ndege iliyoitwa 14-bis. Ilikuwa na mabawa yaliyofanana na masanduku, na rubani alisimama wima ndani ya kikapu. Tarehe 23 Oktoba, kwenye uwanja wa Bagatelle, iliruka karibu mita 60 mbele ya watu wengi na mbele ya wakaguzi wa Aéro-Club.

Tarehe 12 Novemba alirudi. Safari hii alikuwa ameongeza vibawa vidogo vya kusawazisha ndege, na kamba zake zilifungwa kwenye koti lake, kwa hiyo alivielekeza kwa kuinamisha mwili. Mikono ilikuwa na kazi, na mabega yalikuwa na kazi pia. Aliruka mita 220 kwa sekunde 21 na nusu. Ilikuwa rekodi ya kwanza ya ndege kuandikwa rasmi Ulaya.

Kule Marekani ndugu Wright walikuwa wameruka tangu Desemba 1903, lakini walifanya kazi yao mbali na macho ya watu wengi, na Ulaya ilikuwa bado haijawaona. Mpaka leo Wamarekani na Wabrazil wanabishana kuhusu nani alitangulia. Nchini Brazil, hakuna mabishano: baba wa ndege ni Santos-Dumont.

Ndege yake ya mwisho, Demoiselle, ilikuwa ndogo sana, iliyotengenezwa kwa mianzi na kitambaa. Aliiacha bila kuiwekea haki ya uvumbuzi. Michoro yake ilichapishwa, na mtu yeyote mwenye uwezo aliruhusiwa kuitengeneza. Aliamini kwamba ndege ingewakaribisha watu, na kwamba itakuwa ya kila mtu.

Saa yake nayo ilikwenda kwa watu, kwa njia ya biashara. Mwaka wa 1911 Cartier ilianza kuiuza kwa wateja, ikitumia mashini iliyotengenezwa na fundi Edmond Jaeger, na kuipa jina la rubani. Haikuwa rahisi, na mtu wa kawaida hakuweza kuinunua. Lakini mwanaume aliyeivaa hakuweza tena kuambiwa kwamba amevaa bangili ya mke wake. Alikuwa amevaa saa ya mtu aliyeruka.

Vyote viwili vilikwenda vitani

Mwanzoni mwa mwaka wa 1910 Santos-Dumont alipata ajali na Demoiselle. Baada ya hapo hakuruka tena kama rubani. Alianza kuona vitu viwili viwili, mikono ikatetemeka, na madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Alikuwa na miaka 36 tu.

Alihamia pwani ya Normandie, akanunua darubini ya kutazama nyota. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka wa 1914, majirani waliiona darubini hiyo, wakasikia namna yake ya kutamka Kifaransa, wakamshuku kuwa mpelelezi wa Wajerumani. Askari walipekua nyumba yake. Serikali iliomba msamaha baadaye, lakini jambo hilo lilimchoma moyo. Alichoma karatasi zake, michoro na barua za miaka mingi, kisha akaondoka Ufaransa.

Wakati huo ndege ilikuwa imeingia vitani, na saa ya mkononi vilevile. Kwenye mahandaki, maofisa walitakiwa kuanzisha shambulio kwa dakika moja, kila mmoja mahali pake, na mwenye bunduki mkononi hakuweza kutafuta saa mfukoni. Maelfu ya vijana walijifunza kuvaa saa kwenye mkono kwa sababu ya vita. Hata saa ya pili iliyomletea Louis Cartier sifa kubwa, aliyoichora mwaka wa 1917, iliitwa Tank, jina la vifaru vipya vya vita.

Vita hiyo ilifika mpaka ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1916, miaka kumi tu baada ya ile safari fupi ya Bagatelle, Wabelgiji waliweka ndege za kutua majini huko Mtoa, karibu na Kalemie ya leo. Ndege hizo zilivuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Goetzen. Meli hiyo baadaye ilipewa jina la Liemba, na wasafiri wa ziwa wameijua kwa jina hilo. Wakaaji wa pande zote mbili za ziwa, wengi wakiwa hawajawahi kuona ndege, waliijua kwanza kama kitu kinachotupa moto.

Vita ilipokwisha, askari waliobaki walirudi nyumbani na saa zao mkononi. Hawakuzirudisha mfukoni. Karani, mwalimu, dereva wa treni na daktari wakaanza kuvaa saa kila siku, na kwa muda wa miaka michache saa ya mfukoni ikawa ya wazee. Saa ya mkononi ilitoka vitani ikaingia katika maisha ya amani. Ndege haikutoka vitani.

Uchungu wa mwisho

Santos-Dumont alijenga nyumba ndogo Petrópolis, juu ya milima karibu na Rio de Janeiro. Ngazi zake zilikuwa za nusu hatua, mguu mmoja hapa, mwingine pale, hivyo mtu alilazimika kuanza na mguu uliofaa. Mpaka leo nyumba hiyo inatembelewa na wageni.

Lakini moyo wake haukutulia. Kila habari ya mabomu kutoka hewani aliipokea kama deni lake mwenyewe. Mwaka wa 1926 aliuomba Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa na makao Geneva, ukataze kutumia ndege kama silaha. Ombi lake halikupata jibu lililobadili kitu.

Mwezi wa Desemba 1928 alirudi Brazil kwa meli. Rafiki zake na wataalamu kadhaa walipanda ndege iliyopewa jina lake ili wamlaki kutoka hewani. Ndege hiyo ilianguka baharini Rio mbele ya macho yake, na wote waliokuwemo walikufa. Alisitisha sherehe zote, akakaa siku nyingi akisubiri miili itolewe majini, akahudhuria mazishi.

Mwaka wa 1932 jimbo la São Paulo liliingia vitani dhidi ya serikali ya Brazil. Santos-Dumont alikuwa Guarujá, kando ya bahari, mgonjwa na mwenye huzuni nzito. Wabrazil walikuwa wanawatupia Wabrazil wenzao mabomu kwa ndege. Tarehe 23 Julai alijiua. Alikuwa ametimiza miaka 59 siku tatu kabla. Kwa miaka mingi wakubwa hawakutaka kusema wazi namna alivyokufa, wakiona kwamba shujaa hafi hivyo.

Alizikwa Rio, katika kaburi alilolitayarisha mwenyewe pamoja na wazazi wake, lenye sanamu ya Ikaro, kijana wa hadithi za Ugiriki aliyeruka na kuanguka. Mji alikozaliwa unaitwa sasa Santos Dumont. Uwanja wa ndege wa katikati ya Rio una jina lake pia. Moyo wake, uliotolewa na daktari aliyeutayarisha mwili, umehifadhiwa ndani ya tufe la dhahabu katika jumba la makumbusho la jeshi la anga.

Saa yenye jina lake inaendelea kutengenezwa, zaidi ya miaka 100 tangu ile ya kwanza kuuzwa. Mwaka wa 1978 Cartier ilitoa nyingine ya chuma na dhahabu, yenye mkanda wa chuma na skrubu mpaka kwenye mkanda wenyewe. Ile ya mkanda wa ngozi nayo ipo bado, nyembamba, ya mraba, yenye namba za Kirumi. Bei yake bado ni ya matajiri. Lakini saa nyingi za bei ndogo zinazouzwa masokoni, nyembamba, zenye uso mweupe na mkanda wa ngozi, ni wajukuu wa wazo lilelile.

Wengi wanaonunua saa ya namna hiyo wanaiogopa. Wanaona ni ya Jumapili, ya ndoa, ya picha. Mwanaume ambaye ilitengenezwa kwa ajili yake aliivaa akiwa na mafuta kwenye vidole, akikaza kamba, akiinama juu ya injini, akitafuta mahali pa kutua. Kati ya vitu viwili vinavyobeba kumbukumbu yake, kimoja kilimvunja moyo. Kingine kingali kinafanya kazi ileile ndogo kila asubuhi, kwenye mkono wa mtu anayeondoka nyumbani na hataki kuchelewa.